Ushuhuda Namba Tatu

Simu iliita saa tatu na robo asubuhi, Mkasi akiwa hata hajatua mkoba. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa mhariri wa video asiyemwonea huruma mtu akipoteza sekunde mbili kusema "aaa". Aliyepiga alikuwa mwanamke waliyezoea kumwita Mama Pacha, mmoja wa wanawake watano waliosimulia maisha yao katika filamu fupi ya nyumba ya hifadhi, ile inayopokea wanawake waliokimbia vipigo majumbani. Filamu ilikuwa imekamilika. Ingeonyeshwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri, mbele ya wageni mia tatu.

"Dada, umeziona picha za ukumbi alizotuma Mkurugenzi wa hifadhi kwenye kundi?"

"Nimeziona. Wamepamba vizuri."

"Fungua ya tatu. Mwangalie yule anayefunga nyaya chini ya skrini."

Mkasi aliifungua. Mwanamume mrefu, fulana ya bluu ya kampuni iliyokodishwa kuleta skrini na spika, ameviringisha waya begani na anacheka na mtu aliyempiga picha.

"Namwona."

"Ndiye."

Mkasi hakuuliza ndiye nani. Wiki mbili nzima alikuwa ameishi na sauti ya Mama Pacha masikioni, akiikata na kuiunga, na mume yule alimjua kwa matendo yake bila kuijua sura yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa akikifungua kwa bisibisi kitasa cha ndani cha mlango, anakitia mfukoni, anaondoka nacho. Mke na watoto wachanga wawili wanabaki ndani mpaka jioni. Miaka mitano iliyopita, siku ambayo kufuli la dirisha la jikoni lilikubali kuvunjika, Mama Pacha alipita hapo na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mume aliamini wako mbali sana. Kumbe walikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwenye ule ukumbi.

"Nampigia Mkurugenzi sasa hivi," alisema Mkasi. "Waiondoe hiyo kampuni."

"Usithubutu! Mtu akifukuzwa kazini ghafla atauliza kwa nini. Akiuliza kwa nini, atajua nipo karibu."

"Basi nakutoa wewe kwenye filamu. Hutaonekana popote."

Kwenye simu ilisikika mashine ya kuchanganyia unga, maana Mama Pacha alikuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate.

"Dada," alisema mwishowe, "mimi nimenyamaza miaka mitano kwa ajili ya mtu huyu. Nifiche uso, nifiche sauti, fanya unavyojua wewe. Lakini usinitoe."

Studio ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Kuta walizivisha magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na dirisha lilizibwa na blanketi zito lenye picha ya simba. Mkasi aliiendesha pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa sauti. Shemeji alipoingia na chupa ya chai mkononi, alimkuta amesimama katikati ya chumba, mkoba bado begani.

"Kuna nini tena? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa chini nikwambie."

Alimweleza. Shemeji aliiweka chupa sakafuni taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mara ngapi anatokea kwenye filamu?"

"Mara saba."

Heri yao ni kwamba Mkasi alikuwa mtu wa mpangilio. Hakuwamwaga wanawake wote watano kwenye mradi mmoja. Kila mmoja alimtengenezea mradi wake mdogo kwenye kompyuta, wenye mahojiano yake, picha zake na sauti yake iliyosafishwa, kisha ule mradi mdogo akauingiza ndani ya mradi mkubwa kama klipu ya kawaida. Mradi mkubwa haukubeba picha zenyewe. Ulichojua ni kwamba hapa nichukue ushuhuda namba tatu kuanzia sekunde ya arobaini hadi ya hamsini na mbili, pale niuchukue tena kuanzia dakika ya pili. Ukibadilisha kitu ndani ya mradi mdogo, kinabadilika kila mahali ulipoingizwa. Ushuhuda namba tatu ndio uliokuwa wa Mama Pacha.

"Kwa hiyo tunambadilisha mara moja tu," alisema Shemeji.

"Mara moja. Lakini urefu usibadilike hata kidogo. Sentensi ikisogea sekunde tatu, kule kwenye mradi mkubwa itakatwa kichwa au mkia, mahali pote saba."

Walijaribu kwanza kuufunika uso kwa ukungu. Haikusaidia kitu. Mabega yalikuwa yaleyale, na jinsi alivyokuwa akishika shingo yake alipofika penye uchungu, mtu aliyelala naye kitanda kimoja angemtambua hata gizani. Sauti wakaishusha ikawa nzito kama ya dubwana. Maneno yakawa ya kuchekesha, na yale hayakuwa maneno ya kuchekwa.

Mkasi alizirudia video za siku ile ya kurekodi, moja baada ya nyingine, akitafuta chochote. Katika ile ya mwisho akasimamisha mkono.

"Hii nini?"

"Hiyo? Ukimya wa chumba. Mama Pacha alipotoka nilirekodi chumba kitupu dakika nne, nipate sauti ya hewa ya kuzibia mapengo. Kamera nilisahau kuizima."

Kwenye skrini palikuwa na kiti cha mbao, mwanga wa dirisha ukikiangukia ubavuni, na mto uliobonyea katikati pale alipokuwa ameketi mtu dakika moja kabla.

"Hiki," alisema Mkasi. "Tunaweka kiti hiki badala ya picha zake zote, na za watoto. Maneno nayasoma mimi."

Watoto na dirisha la jikoni havikutajwa katika vipande vilivyoingia kwenye filamu; likabaki jambo la kitasa. Palikuwa na sentensi moja ya sekunde tisa iliyosimulia bisibisi na mfuko, na mume yule angeisikia, kila kitu kingeishia hapo. Mkasi alimpigia Mama Pacha. Hakutaka kumkatia mtu maneno yake bila kumuuliza.

"Hicho kitasa ndicho kisa chenyewe," alisema Mama Pacha.

"Najua, mama."

"Watu wataelewaje sasa?"

"Sema kwa namna nyingine. Sekunde tisa. Namna ambayo hata yeye akisikia atadhani ni mke wa mtu mwingine."

Mashine ya unga ilizimwa. Mama Pacha alifikiri, kisha akasema polepole, Mkasi akiandika kwenye kisanduku cha viatu: Nilikuwa nafungiwa. Nilijifunza kujua saa kwa kivuli cha ukutani, kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama.

Walipotaka kuanza kurekodi, vyerehani vitatu vya chini vikaanza kunguruma kwa pamoja. Shemeji alishuka ngazi mbilimbili. Mkasi alisikia mabishano yakipanda kupitia sakafu.

"Nusu saa! Wewe unajua nina sare ngapi za kumaliza hapa?"

"Mzee wangu, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Piga basi nikuone!"

Vyerehani vikazimwa. Shemeji aliporudi magoti ya suruali yake yalikuwa na vumbi na nyuzi. "Ametupa dakika ishirini," alisema. "Usiniulize chochote."

Mkasi alivaa spika za masikioni. Ili muda ulingane ilibidi amsikilize Mama Pacha na kusema pamoja naye, neno juu ya neno isipokuwa kwenye zile sekunde tisa, anyamaze aliponyamaza, avute pumzi alipovuta. Alikuwa ameyasikia maneno yale zaidi ya mara mia, lakini hakuwahi kuyapitisha kinywani mwake. Mara ya kwanza alikwama katikati. Mara ya pili alitangulia. Mara ya tatu alifika mwisho, na alipovua spika aliona viganja vyake vimelowa jasho.

"Imekaa," alisema Shemeji, macho yake kwenye mistari ya sauti. Hakumtazama usoni.

Saa sita na nusu waliuhifadhi mradi mdogo, wakaufunga mradi mkubwa na kuufungua upya ili uchukue mabadiliko. Kiti kikatokea mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Shemeji alipiga kofi moja la furaha, tayari kuitoa video kamili.

"Subiri," alisema Mkasi. "Naitazama yote."

"Shemeji, muda huo tunautoa wapi?"

"Naitazama yote."

Dakika ya nane, baada ya picha za bustani, uso wa Mama Pacha ulijaa skrini. Sekunde mbili tu. Alikuwa ametazama pembeni, karibu kutabasamu.

Wote wawili waliruka.

"Huyu ametoka wapi? Si tumembadilisha?"

Mkasi alibofya ile klipu, akasoma jina lake, kisha akageuza kiti. "Ushuhuda namba tatu, nakala. Nani alitengeneza nakala?"

Shemeji alishika kichwa. Wiki iliyopita, kompyuta ilipokuwa inakwama, aliunakili ule mradi mdogo ili ajaribu kupunguza mwangwi, akautumia mahali pamoja, akasahau. Kwa macho miradi miwili ilifanana kabisa. Wangebadilisha mmoja hadi kesho, wa pili ungebaki na uso uleule.

"Ningeitoa hivyo hivyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Hujaitoa. Badilisha hapo, kisha futa nakala. Halafu tunatazama tena kuanzia mwanzo."

Walitazama tena. Kisha wakaiacha kompyuta ikitoa video kamili, asilimia ikipanda kwa kusuasua, feni ikivuma kama inataka kupaa. Ilipofika sabini, Shemeji ambaye alikuwa akichezea simu yake alisimama ghafla.

"Shemeji. Jana jioni walitaka video ya majaribio. Wale wa skrini."

Mkasi alimgeukia. "Ukawatumia?"

"Niliwatumia."

"Ile ya zamani? Yenye uso?"

Shemeji aliitafuta barua pepe ile. Alisoma, akasoma tena, kisha akatoa kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Nilikosea! Sikutuma video. Nimetuma folda ya miradi, ule mkubwa na midogo yote. Hamna picha humo hata moja!"

Ilikuwa kweli. Faili la mradi likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na video zenyewe, halionyeshi kitu isipokuwa nafasi tupu na orodha ya vitu lisivyoviona. Shemeji aliendelea kucheka. Mkasi hakucheka.

"Orodha ya majina," alisema. "Mle ndani video za Mama Pacha tuliziita nini?"

Kicheko kilikatika.

Saa nane na dakika arobaini pikipiki ya Shemeji ilisimama nyuma ya ukumbi. Mkasi aliingia peke yake, flashi ikiwa ndani ya ngumi. Meza ya mitambo ilikuwa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na yule mwanamume alikuwa amekaa hapo akinywa maji. Bisibisi mbili zilichungulia kwenye mfuko wake wa kifuani.

"Karibu, dada! Wewe ndiye mwenye filamu? Tulianza kuogopa." Alisimama, akamvutia kiti, akakifuta kwa kiganja. "Kaa, umechoka. Unatoka jasho hivyo."

Mkasi alikuwa amejiandaa kukutana na mnyama. Hakuwa amejiandaa kwa kiti kilichofutwa vumbi.

"Ahsante, kaka. Video ndiyo hii. Ile folda ya jana tulikosea, nimekuja nikufutie, inakujazia tu kompyuta."

"Haina shida, nitaifuta mwenyewe." Aliinakili video mpya, akaijaribu sekunde chache, akaridhika. "Ila ile ya jana ilinichosha. Hata mimi huwa nahariri kidogo kidogo, programu hiyo ninayo. Nikafungua, inaniambia hiki hakipatikani, kile hakipatikani. Hebu ona."

Kabla Mkasi hajasema neno, alikuwa ameshabofya. Orodha ikafunguka, mistari mirefu. Alishusha kidole kwenye skrini akisoma kwa sauti, kama mtu anayejipumbaza tu.

"Bustani moja. Bustani mbili. Pacha langoni. Pacha dirishani. Pacha wanakimbia." Kidole kikasimama. "Pacha gani hawa?"

Ukumbini mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Mkasi alijua kwamba akichelewa kidogo tu, jibu lolote litakuwa uongo wa wazi.

"Kamera," alisema. "Tuna kamera mbili za aina moja, tunaziita pacha. Moja inakaa langoni, nyingine dirishani."

"Na wanakimbia?"

"Hapo tulikuwa tunakimbia nazo mkononi. Shemeji yangu ana vituko vyake, ukimwachia kupanga majina ndio hivyo unavyoona."

Mwanamume alimtazama. Macho yake yalikuwa matulivu, hayakuwa na haraka hata kidogo.

"Mimi nina pacha wa kweli," alisema. "Wa kike na wa kiume."

"Hongera, kaka."

"Wako na mama yao. Sijui wapi." Aligeukia tena orodha, na mkono wake ukaanza kuisogeza chini.

"Fundi wa skrini!" Mkurugenzi aliita kutoka jukwaani, na katika sauti yake Mkasi alisikia kwamba ujumbe aliomtumia njiani, amtoe fundi pale mezani, ulikuwa umesomwa. "Fundi, njoo! Spika ya kushoto imekufa, na mgeni rasmi ameshaingia!"

"Imekufaje tena, nimeipima sasa hivi?" Alichukua bisibisi moja, akasita, akasukuma kipanya upande wa Mkasi. "Haya, futa mwenyewe basi."

Mkasi alifuta folda. Akaifuta na kwenye pipa la taka. Akaingia kwenye barua pepe iliyokuwa wazi, akafuta na ule ujumbe wa jana. Alipoondoa mkono, kipanya kilikuwa na alama ya maji.

Filamu ilianza saa tisa na dakika nne. Mwanamume alirudi, akasimama nyuma ya Mkasi, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Wanawake wawili wa kwanza walipita. Kisha kiti kitupu kikaijaza skrini, na ukumbi ukatulia kwa namna ambayo haikutokea kwa zile nyuso.

Nilikuwa nafungiwa, ilisema sauti. Nilijifunza kujua saa kwa kivuli cha ukutani.

Mkasi hakugeuka. Alikaza macho kwenye skrini, akihesabu: hapa, kisha dakika ya tano, kisha ya nane, kisha ya kumi na moja. Kila kiti kilipotokea alihisi yule mtu nyuma yake akihama mguu.

"Yule mama ana sauti yako," alisema mwanamume, taratibu, makofi yalipoanza.

"Ni mimi niliyesoma. Mwenyewe hakutaka kusikika."

"Kwa nini?"

"Hakuniambia, kaka."

"Upande mmoja tu ndio unaosikika siku zote," alisema. Kisha akainama kuchomoa waya, kwa sababu msemaji aliyefuata alihitaji kipaza sauti, na ndivyo ilivyokwisha. Mkasi alichomoa flashi yake, akaaga, akatoka kwa mwendo wa kawaida mpaka penye pikipiki. Hapo alipanda, Shemeji akawasha injini.

Hawakurudi studio moja kwa moja. Walizunguka mitaa mitatu na kusimama penye duka la vipuri, wakajifanya wanaulizia taa ya nyuma, hadi walipohakikisha hakuna fulana ya bluu inayowafuata.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliongozana na Mama Pacha kwa wakili, na shauri la kumzuia mume asiwasogelee likaanza. Wakati linaendelea, nyumba ya hifadhi iliwahamisha yeye na watoto. Mkasi hakuuliza ni wapi. Alikaa siku nzima akibadilisha majina ya mafaili, mpaka katika folda zake zote pasibaki jina linaloweza kumweleza mtu lolote.

Mama Pacha aliiona filamu mwezi mmoja baadaye, ofisini kwa Mkurugenzi, pazia likiwa limeshushwa. Mkasi alikuwepo. Mama Pacha aliketi mikono mapajani, akakitazama kiti kila kilipotokea, akayasikiliza maneno yake kutoka kinywa cha mwingine. Hakulia. Filamu ilipokwisha aliomba irudishwe nyuma, pale penye kivuli cha ukutani, akasikiliza mara ya pili.

"Hapa ulikuwa unaogopa," alisema.

"Niliogopa sana."

"Nimesikia." Alisogeza kiti chake karibu na kompyuta. "Mimi hapo sikuogopa tena, nilikuwa na hasira. Siku shauri likiisha, utanirekodi upya, na nitakuonyesha inavyosemwa."